Jinsi ya kuchora ramani ya vijiji na njia za bonde kame: hatua kwa hatua kwenye bonde la Turkwel

Wingu likikaa juu ya Elgon, sisi wa Kitale tunajua kinachofuata. Sehemu ya maji ya mlima ule hushuka na mto Suam, hufuata mpaka wa Uganda, hugeuka jina kuwa Turkwel na kukusanyika nyuma ya ukuta wa bwawa wenye kimo cha mita 153, uliokamilika mwaka 1991. Yakitoka hapo yanaingia kwenye joto la Turkana. Kitale hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Lodwar hupata kama 200. Kwa hiyo kuanzia Kaputir na Katilu hadi Lodwar na Ziwa Turkana, mto ndio unaoamua mtu aishi wapi, alishe wapi na apite wapi.

Mwongozo huu ni wa kuchora bonde hilo kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri na yeyote anaweza kuipakua bure. Ninawaandikia hasa vijana wa Kitale, Kisumu, Nakuru na Eldoret wenye kompyuta na intaneti ya kutegemeka. Wanaoweza kuchora wako huku juu, na wanaoihitaji ramani wako kule chini. Ukishauelewa utaweza kuutumia Kerio ya chini, Suguta, au bonde lolote ambalo mto wake hukauka.

Nianze na kosa langu. Mara ya kwanza nilipochora eneo la kusini mwa Lokichar niliona mstari mweupe, laini, mpana, unaounganisha sehemu mbili zenye nyumba. Nikauchora kuwa barabara. Miezi kadhaa baadaye nilikutana na dereva aliyeufuata kwenye simu akiwa amebeba chanjo za watoto. Gari lilizama mchangani, wakalala huko, barafu ya kwenye kasha ikayeyuka na chanjo zikatupwa. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Ndugu yangu, ile barabara yako ni mto." Karibu kila ninachokishauri hapa kimetokana na sentensi hiyo.

Hatua ya 1: Chagua kipande kidogo

Usifungue bonde zima. Gawa eneo katika miraba ya kilomita 5 kwa 5, chukua mmoja, umalize, ndipo uende wa pili. Tuko karibu na ikweta, kwa hiyo digrii moja ni takriban kilomita 111 kwa latitudo na kwa longitudo pia, na kilomita 5 ni kama digrii 0.045. Mraba uliokamilika una faida kwa mtu hata kama jirani zake ni tupu. Bonde lililochorwa vipande vipande, barabara hapa na nyumba tatu kule, humdanganya msomaji kwamba palipo patupu hapana kitu.

Kama mnafanya kazi kwa kikundi, gawaneni miraba kabla ya kuanza. Watu wawili wakichora mahali pamoja kwa wakati mmoja, mtapata barabara mbili zilizolala sambamba na kutwa nzima ya kufuta.

Hatua ya 2: Andaa vifaa na picha

Fungua akaunti ya OpenStreetMap na uanze na iD, kihariri kinachofunguka ndani ya kivinjari bila kusakinisha kitu. Baada ya wiki moja au mbili hamia JOSM. Ni programu ya kusakinisha, ni ngumu kidogo mwanzoni, lakini unapakua data ya mraba wako mara moja, unachora hata intaneti ikikatika, na unapakia mwisho. Pale ambapo bando linanunuliwa kwa kuhesabu shilingi, hilo si jambo dogo.

Picha za setilaiti zilizoruhusiwa, za Bing na za Esri, zimo tayari ndani ya vihariri vyote viwili. Zitazame zote mbili kwa kila mraba. Moja inaweza kuwa imepigwa kiangazi, nyingine baada ya mvua, na tofauti hiyo ndiyo itakayokuonyesha kipi ni mto na kipi ni njia. Usichore kwa kuangalia ramani za Google. Leseni yake hairuhusu kunakili, na data iliyonakiliwa huko ikigunduliwa hufutwa pamoja na kazi nzuri uliyoichanganya nayo.

Picha ya tatu ninayoitumia ni ya Sentinel-2. Haioni nyumba, kwa sababu nukta yake moja ni mita 10, lakini ni bure na setilaiti hizo hupita juu ya mahali palepale kila baada ya siku 5 hivi. Fungua picha ya Februari, kisha ya Mei baada ya mvua ndefu. Kanda za kijani zinazojitokeza ni kingo za mito ya msimu.

Kabla ya kuchora chochote, hakikisha picha imekaa mahali pake. Picha ya setilaiti inaweza kuwa imesogea mita kadhaa kutoka ilipo ardhi yenyewe. Kwenye barabara kuu utakuta nyayo za GPS zilizopakiwa na waliosafiri. Washa tabaka la nyayo hizo, uisogeze picha hadi barabara ilale chini yake. Kama hakuna nyayo, ifuate ile picha ambayo majirani wa mraba wako wameifuata, ili mistari ikutane.

Hatua ya 3: Chora maji kabla ya kitu kingine

Wengi huanza na barabara kwa sababu zinaonekana upesi. Katika bonde kame anza na mito, yote, hata iliyokauka. Ukishaichora, nusu ya "barabara" ulizokuwa unaziona zitatoweka zenyewe.

Mto wa msimu kaskazini mwa Kenya huitwa laga. Kwa miezi mingi ni kitanda cha mchanga, na mvua ikinyesha milimani, hata kama pale ulipo jua linawaka, maji huja kwa kishindo na kuondoka kwa saa chache au siku chache. Kwenye picha laga na barabara ya mchanga ni weupe uleule. Vitenganishe hivi:

Upana wa barabara ya gari haubadilikibadiliki. Laga hupanuka, hubana, hugawanyika mara mbili au tatu na kukutana tena kama nywele zilizosukwa. Laga ina miti kandokando, mikoma na migunga mikubwa yenye vivuli virefu; barabara huikwepa miti. Halafu tazama matawi yake. Laga ndogo huingia kwenye kubwa kwa pembe inayoelekeza chini, upande maji yanakokwenda, ilhali njia za watu hukutana kwa pembe yoyote ile. Ukibaki na shaka, fuata mstari wako hadi mwisho. Barabara itakufikisha mahali pa watu, na laga itakufikisha kwenye mto mkubwa zaidi au itapotelea kwenye tambarare.

Laga pana ichore kama waterway=river pamoja na intermittent=yes, nyembamba kama waterway=stream na alama ileile. (Maneno haya ya Kiingereza ni alama unazokiandikia kila unachokichora, ili ramani ijue ni kitu gani.) Mstari uelekee maji yanakokwenda. Kitanda kikiwa kipana kama kile cha Kawalase pale Lodwar, chora pia eneo lake kwa ukingo wa huku na wa kule, ili mtu ajue kwamba kuvuka ni safari ya mchanga na si hatua mbili.

Mathenge itakusumbua. Mti huu ulioletwa kuzuia jangwa umezifunga kingo nyingi za mito kwa kichaka kisichopitika, na kwenye picha ni kijani kizito kinachofanana na msitu wa asili wa mtoni. Ukiwa mezani usijaribu kuvitofautisha. Chora kichaka, majina yaachie watu wa pale.

Hatua ya 4: Barabara, njia, na mistari inayodanganya

Mgongo wa eneo lote ni barabara ya A1, inayotoka Isebania, kupitia Kisumu, Kakamega na Kitale, kushuka Marich, kupita Kainuk na Lokichar hadi Lodwar na kuendelea Lokichoggio. Tayari imechorwa, usiiguse isipokuwa una hakika. Kazi yako ni matawi yake.

Barabara inayounganisha senta na senta, gari likipita mwaka mzima au karibu mwaka mzima, ipe highway=unclassified. Njia ya magurudumu mawili mchangani inayokwenda shambani, kisimani au kwenye boma ipe highway=track. Njia ya miguu na pikipiki ipe highway=path. Kisha ongeza surface: sand, gravel, ground. Usiliache tupu hilo, maana kwa dereva wa bonde hili aina ya ardhi ina uzito kuliko upana.

Kwenye tambarare utakuta njia sita sambamba, zimetawanyika kama mita 100. Madereva hukwepa matope ya mwaka jana, kisha hukwepa waliokwepa. Chora moja, ile iliyokolea zaidi, na usihangaike na nyingine.

Kusini mwa Lokichar kuna mtego wa aina yake. Mafuta yalipogunduliwa kwenye kisima cha Ngamia-1 mwezi Machi 2012, uchunguzi wa ardhi uliacha mistari iliyonyooka kama rula, ikikatana kichakani. Kwa macho ya mtu wa Kisumu aliyezoea barabara za mashamba ya miwa, huo ni mji uliopangwa! Baadhi ya mistari hiyo leo hutumiwa na pikipiki na wachungaji, mingine imefunikwa na miiba. Ukiona alama za magurudumu ndani yake na nyumba zikielekea huko, ichore kama track. Ukiona vichaka vimeanza kuota katikati, iache.

Njia za mbuzi ni nyingi kuliko zote, na husambaa kutoka kisimani kama miale ya jua. Zina faida moja kubwa ya kukuonyesha maji yalipo. Fuata miale hadi inapokutana na utakuta birika, bomba la mkono, au mashimo yaliyochimbwa mchangani. Lakini zenyewe usizichore, ila ile inayounganisha makazi na makazi, au makazi na shule.

Sasa kivuko, na hapa nakuomba uende polepole. Kila mahali barabara inapokutana na laga weka kitu: daraja, drifti ya saruji, au kivuko cha mchanga mtupu. Daraja hupewa bridge=yes na layer=1. Drifti na mchanga vyote hupewa ford=yes, lakini drifti ongeza surface=concrete. Barabara ikiuvuka mto kwenye ramani bila alama yoyote, programu ya kutafuta njia humpitisha mtu kana kwamba mto haupo. Novemba 2019 maporomoko ya ardhi na mafuriko ya Pokot Magharibi yaliua makumi ya watu na kuikata barabara ya kwenda Lodwar. Katika siku kama zile, anayepanga kupeleka dawa na chakula anahitaji kujua ni vivuko vingapi viko mbele yake na vya aina gani. Mraba wenye vivuko sahihi na nyumba chache ni bora kuliko wenye nyumba elfu na vivuko visivyojulikana.

Hatua ya 5: Makazi

Boma la Kiturkana, awi, ni uzio wa miiba wa mviringo wenye vizizi ndani, na vibanda vya wanawake vilivyojengwa kwa fito na makuti ya mkoma. Kutoka juu ni pete. Pete iliyokolea, yenye kingo nzito na njia mpya zinazoingia, ina watu au ilikuwa nao picha ilipopigwa. Pete iliyofifia imehamwa. Samadi huacha doa jeusi ardhini kwa miaka, kwa hiyo doa peke yake si ushahidi wa mtu kuishi pale.

Vichuguu vitakudanganya pia. Eneo la Lokichar lina vichuguu virefu kama mabomba ya moshi, na kutoka juu ni nukta ya duara yenye kivuli, kama kibanda. Tazama kivuli: cha kichuguu ni chembamba na kirefu, cha kibanda ni kifupi na kinene. Tena vichuguu hutawanyika bila mpango, na vibanda hukaa pamoja, ndani ya uzio au karibu nao.

Senta yenye maduka, shule na mabati yanayong'aa iwe place=village. Kundi dogo la maboma yaliyokaribiana liwe place=hamlet. Boma moja au mawili ya peke yake ni place=isolated_dwelling. Majengo ya mabati na mawe yachore moja moja. Vibanda vya makuti mimi sivichori. Zungushia eneo lote landuse=residential, maana kibanda cha leo baada ya miezi minane kitakuwa kwingine, na ramani itabaki na mamia ya nyumba zisizokuwepo. Najua wako wanaochora kila kibanda ili kukadiria idadi ya watu kwa ajili ya chanjo. Kama kazi yako ni hiyo, chora, lakini andika tarehe ya picha uliyoitumia, na mwenye kuisoma apime mwenyewe.

Kuna jambo nililolielewa kwa kuchelewa. Nilikuwa nafuta pete zilizohamwa pamoja na majina yake. Mzee mmoja wa karibu na Katilu aliketi nami chini ya mgunga, akanitajia majina zaidi ya ishirini kwa kuelekeza fimbo, na sehemu nyingi alizozielekeza hazikuwa na hata nyumba moja. Hili ni la mti fulani, lile la kilima, lile la pale laga inapopinda. Nikamwuliza, "Mzee, lakini huko hakuna watu?" Akasema, "Wataenda. Mahali hapahami."

Katika bonde hili jina ni la ardhi na maji. Watu huja na kuondoka, hurudi mvua ikirudi, na jina linawangoja. Kwa hiyo usitafute jina la kila boma. Tafuta majina ya mahali, uyaweke hata pakiwa patupu, kwa alama ya place=locality. Mwenye boma akiulizwa anakaa wapi, atakutajia jina hilohilo, na mhudumu wa afya atalipata kwenye simu mwaka huu na mwaka ujao, boma likiwa hapo au likiwa limesogea kilomita mbili.

Hatua ya 6: Enda, au shirikiana na aliyeko

Picha haitakupa jina hata moja. Lazima mtu asimame pale.

Kama unakwenda mwenyewe, piga simu kwanza kwa mwenyeji, umwulize hali ya usalama ya wiki hiyo. Ukifika ripoti kwa chifu au naibu wake, ueleze unachofanya na umwonyeshe simu yako. Mgeni anayepita akipiga picha visima na kuuliza njia bila kujitambulisha anatia watu hofu, na wana sababu zao. Salimia kwa lugha yao: "Ejoka" inafungua mengi. Wazee wapewe nafasi ya kwanza, lakini usiondoke bila kuwasikia kina mama, kwa sababu wao ndio wanaoteka maji, na wanajua ni bomba lipi limekufa na kisima kipi kimegeuka chumvi.

Njia waulize wa bodaboda. Hakuna anayezijua kama wao. Tulimpa kijana mmoja simu yenye OsmAnd, programu ya ramani ya simu, iliyowekwa kurekodi nukta kila baada ya sekunde 5, akaitia mfuko wa shati na kuendelea na kazi zake. Jioni tulikuwa na nyayo za njia ambazo tungezitafuta kwa wiki. Mlipe siku yake. Muda wake ni unga wa nyumbani.

Pakua ramani ya eneo kwenye simu kabla ya kuondoka Kitale, maana nje ya senta mtandao hukatika. Beba pawabanki mbili. Joto huila betri, kwa hiyo usiiache simu kwenye dashibodi. Kwa kila mahali andika jina, nani ametaja (mzee, mwalimu, mama wa kisimani, bila majina yao), maji yako wapi, na barabara hufungwa miezi gani.

Kuhusu majina, andika unavyosikia, kisha mwombe mwalimu wa shule ya karibu aandike. Tahajia hutofautiana hata kwenye mabango ya serikali: Turkwel na Turkwell, Lokichoggio, Lokichokio na Lokichogio. Inayotumiwa na wenyeji weka kwenye name, nyingine weka alt_name ili anayetafuta apate. Na usimalize jina kwa kukisia. Majina mengi huanza na Lo, Na au Ka, na herufi moja ikikosewa mtu anaweza kupelekwa mahali pengine kabisa.

Koordineti zina mitego miwili. Wa kwanza unatuhusu sisi. Kisumu na Nakuru ziko kusini mwa ikweta, na vijana wa huko wamezoea kuweka alama ya kutoa mbele ya latitudo. Turkana iko kaskazini. Ukiandika -3.1 badala ya 3.1, kisima cha Lodwar kitaangukia Tanzania. Wa pili ni wa daftari za visima vya zamani. Nyingi zimeandikwa kwa UTM, gridi ya mita badala ya digrii, kwenye datumu (msingi wa kupimia mahali duniani) ya Arc 1960 iliyotumika katika ramani za serikali. GPS hutumia datumu nyingine, WGS84. Ukizihamisha namba bila kuzibadilisha, kila kisima kitasogea takriban mita 300 kwenye mwelekeo wa kaskazini-kusini. QGIS, programu ya bure, hufanya ubadilishaji huo kwa dakika moja. Angalia pia kanda ya UTM: Lodwar iko kanda ya 36, lakini mpaka wa 36 na 37 ni longitudo 36, na Kerio ya chini iko jirani kabisa na mstari huo.

Hatua ya 7: Visivyochorwa

Eneo la Kainuk na mpaka wa Turkana na Pokot limepoteza watu kwa miaka mingi kutokana na wizi wa mifugo. Ramani huria husomwa na kila mtu, na "kila mtu" ni pamoja na mwenye bunduki. Kambi za muda za mifugo, pale adakar, kundi la familia zinazohama pamoja na mifugo, ilipotua msimu huu, sizichori. Mashimo ya maji mchangani ambayo familia huyatunza wakati wa ukame sichori mpaka wenyewe waseme nichore. Visima vya umma, shule, zahanati, barabara na vivuko nachora bila wasiwasi, kwa kuwa hivyo vinajulikana na vinasaidia wote.

Kando ya Turkwel kuna ekwar, vipande vya msitu wa mtoni ambavyo familia ina haki ya miti yake, hasa maganda ya mgunga kwa ajili ya mbuzi. Usijaribu kuchora mipaka yake. Haki hizo zina masharti yasiyoonekana kwenye mstari, na mstari wako unaweza kutolewa kesho kama ushahidi dhidi ya mtu. Hivyohivyo mpaka wa kaunti karibu na bwawa, ambao wakazi wa pande mbili wanaugombania: uache kama ulivyo. Akikuuliza mtu uko upande gani, mweleze ukweli kwamba unachora njia ya kwenda zahanati.

Hatua ya 8: Hakiki, pakia

Endesha ukaguzi uliomo ndani ya JOSM. Makosa yanayojirudia ni matatu: njia isiyogusa barabara kwa nusu mita, kwa hiyo simu haiwezi kukupitisha hapo, laga inayopanda mlima kwa sababu mstari ulichorwa kinyume, na barabara inayouvuka mto bila kivuko. Pakia kidogokidogo, mraba kwa mraba, na uandike maelezo yanayoeleweka: "Laga na vivuko mashariki mwa Katilu, picha ya Esri na nyayo za pikipiki." Kiswahili kinakubalika. Mwenzako mwingine, asiyechora mraba huo, aukague kabla ya kusema umekwisha. Nilipokuwa najikagua mwenyewe, ile barabara iliyokuwa mto niliipita mara tatu bila kuiona.

Hatua ya 9: Irudishe

Chapisha mraba kwa QGIS kwenye karatasi ya A3, kipimo cha 1:25,000, ambapo sentimita moja ni mita 250. Mraba wa kilomita 5 utakuwa na sentimita 20 kila upande, na itabaki nafasi pembeni ya kuandika masahihisho. Chapisha nakala nne: ya chifu, ya shule, ya zahanati, na moja ya kuchafuliwa.

Hiyo ya nne itandaze chini kwenye baraza, uweke mawe kwenye pembe zake nne, ugawe kalamu nyekundu. Waonyeshe kwanza mto na upande jua linakochomoza. Baada ya hapo hawahitaji mwalimu. Watu watabishana, na mabishano hayo ni ya thamani kuliko siku nzima ya kutazama picha. Piga picha karatasi ikiwa imejaa alama, rudi nyumbani usahihishe, halafu mpelekee mwenyeji ujumbe kumweleza yapi umeyabadilisha na yapi bado una swali.

Mvua ndefu zikiisha, mwezi Juni hivi, fungua tena kila kivuko ulichokichora na umpigie simu kijana wa bodaboda. Muulize vivuko kimoja kimoja kwa jina: kipi kimechimbika, kipi kimehama, na wapi wanavukia sasa.